Vinia Mbichi Kwenye Mdomo wa Presi

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akafika katikati akaanza kuniuliza mbona hukufanya hivi, mbona hukusema vile. Nyoka naogopa, radi naogopa, lakini sijawahi kuogopa kitu kama ile presi ya kiwanda cha plaiwudi nje kidogo ya Makambako, upande wa kwenda Mahongole, nilikokuwa mkaguzi.

Presi ni mashine ya kubana. Ina mabamba ya chuma yaliyopangwa ghorofa ghorofa, yanapashwa moto kwa mvuke wa boila. Vinia, zile karatasi nyembamba za mti zinazomenywa kutoka kwenye gogo la mpaini au mlingoti, hupakwa gundi, hupangwa moja juu ya nyingine, kisha hubanwa humo mpaka zishikane ziwe ubao mmoja. Ndiyo kazi yake hiyo tu. Ila ikiingia vinia moja mbichi, maji yake yanageuka mvuke na hayana pa kutokea. Mabamba yakiachia, ubao unapasuka. Paa! Mvuke unatoka, vibanzi vinaruka, na aliyesimama mbele ni fundi wa presi.

Huyo fundi alikuwa Mpangwa wa Ludewa, kwao chini huko ziwani kunakovuliwa samaki na kuna joto. Baridi ya kwetu ilikuwa inamtesa, akawa anavaa makoti mawili. Kila asubuhi alinitania. "Dada, huku kwenu Mungu alisahau kuwasha jua. Mimi nimekuja kazini au nimekuja kuhifadhiwa kama nyama?" Namjibu arudi kwao akale dagaa. Ndivyo tulivyoanza siku.

Asubuhi moja ya Juni, ukungu umelala mpaka kwenye madirisha, presi ilifunguka ikapiga mlio ambao mpaka leo hata mlango ukibamizwa nainama nikidhani ni wenyewe. Kibanzi kilimpita fundi shingoni kikamchuna. Ni kuchunwa tu, damu kidogo. Lakini kingepanda juu kidogo kingeingia jichoni. Alijifuta shingo kwa mkono wa koti, akautazama. Halafu ilibidi presi izimwe, wakwangue gundi na vipande vilivyoganda kwenye mabamba. Nusu asubuhi ikaenda hivyo.

Meneja akatukusanya uani. Akasema vinia mbichi haziji zenyewe kutoka mbinguni, kuna mtu anazileta. "Nikimjua, siku hiyo hiyo anatoka getini na haingii tena." Akageuka akaondoka. Wanawake wa vichanjani walitazama chini. Mama mdogo alikuwa kati yao, amejifunga kitenge mpaka masikioni.

Mama mdogo ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza shule, mama mdogo akanichukua kwake Uwemba, akanisomesha kwa kulima njegere za watu. Alipohamia Makambako akapata kazi kiwandani, na ni yeye aliyemwambia msimamizi kwamba ana binti anayejua kusoma na kuandika vizuri na si mvivu. Hakuwa na shamba tena wala mume. Kazi ile ndiyo iliyomfanya aamke. Jumapili akienda kanisani alikuwa anavaa lile koti la kiwanda, safi limepigwa pasi, watu wajue.

Nieleze kidogo kazi yake, maana shida ilikuwa humo. Vinia zikishamenywa huwa zimelowa. Wanawake huzianika kwenye vichanja nje, kila mmoja na kichanja chake, wanazigeuza, wanazihamisha zikikimbia upepo, na huo upepo wa Makambako si wa mchezo. Iliyokauka unaijua kwa kiganja. Unapitisha mkono polepole, pale palipobaki maji panakwambia. Kengele ikilia, vichanja vyote viwe vitupu na vinia zimefungwa mafungu. Msimamizi alikuwa anapita kuangalia. Kichanja kikikutwa bado kimejaa, mwenyewe anasemwa mbele za watu.

Mimi nilikuwa nakagua mwisho kabisa, mbao zikishatoka kwenye presi. Nagonga kwa kirungu, nasikiliza. Ulio na lengelenge ndani unalia mtupu, naupeleka kwenye rijekti, rundo la mbao zilizokataliwa. Mhandisi mpya, kijana wa Tanga mwenye maneno laini, alinisimamia siku nzima akinitazama nikigonga. Jioni akasema, "Dada yangu, kazi unaifanya vizuri, ila unaifanya mahali siko."

Nikakasirika. Nilidhani ananifukuza kwa adabu za pwani.

Akanichukua mpaka mbele ya presi. Akaniuliza, mashine ya kumenya ikisimama saa moja, nini kinatokea? Nikasema hakuna, lundo la kusubiri ni kubwa. Gundi ikisimama saa moja? Nikasema hivyo hivyo. Na presi? Nikageuka nikaitazama. Kiwanda kizima kilikuwa kinapita kwenye tundu lile moja. Dakika iliyopotea pale haikuwa inarudi, hata tungefanya nini kwingine kote. "Sasa," akasema, "vinia mbichi ikiingia hapa inakula dakika ya presi, halafu inatoa takataka, halafu inaomba dakika nyingine za kukwangua. Wewe unaikamata imeshakula na kushiba. Ikamate mlangoni." Akanipa kipima unyevu chake, kidude chenye sindano mbili unazichomeka kwenye vinia kinakupa namba. Kuanzia kesho yake nikasimama mdomoni mwa presi.

Hapo ndipo hofu ilipohamia kwangu rasmi. Kabla ya hapo presi ilikuwa ya wengine, mimi niko mwisho kule na kirungu changu. Sasa kila kilichoingia mle kilikuwa kimepita mkononi mwangu. Mabamba yakianza kuachia nilikuwa nafumba macho. Fundi akanicheka. "Dada, ukifumba macho hivyo, nani atanizika?"

Nikawa nazitoa mbichi, nyingi, katika kila fungu tatu, nne. Milio ikapungua. Lakini sasa presi ikawa inakaa na njaa ikinisubiri nichague. Mhandisi akasema haitoshi kuzikamata, lazima tujue zinatoka kichanja gani. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Akaagiza kila mwanamke aweke alama yake ya chaki kwenye fungu lake, na mimi niandike daftarini.

Nikaandika wiki nzima. Tukaangalia. Hakuna aliyezidi mwenzake! Kila fungu, la kila mwanamke, lilikuwa na mbichi zake chache, kama zimegawiwa sahani kwa sahani. Mhandisi akakuna kichwa. Akalaumu ukungu, akalaumu magogo. Meneja hakulaumu ukungu. Alisema hiyo ni hujuma, wanawake wamekubaliana. Lile neno hujuma likapita uani kama ugonjwa. Watu wakaacha kuimba. Wengine wakaanza kuniangalia mimi na daftari langu, na ukweli hata mimi nisingejipenda.

Siku moja kabla ya kengele ya mchana nilitoka kwenda kumwita mhandisi, nikapitia nyuma ya vichanja. Nikaona. Vichanja vyote vimeshapakuliwa isipokuwa cha mama mdogo, nusu yake bado imejaa, naye anapapasa vinia moja, anairudia, anairudia. Mwanamke wa kushoto kwake akasogea bila neno, akabeba kumbatio la vinia kutoka kichanja kile akaliingiza kwenye fungu lake. Wa kulia naye. Na wa mbele. Ndani ya dakika chache kichanja kikawa kitupu, kengele ikalia, kila mtu amesimama kwake mikono nyuma.

Yule mhandisi angeona pale asingeelewa. Mimi nilielewa hapo hapo, maana nimekulia humo. Ilikuwa mgowe. Kwetu ukialika watu shambani kwako kulima, wanakuja na majembe, mnapanga mistari, na ulanzi, pombe ya mianzi, unasubiri kwenye kivuli. Aliyechoka hasemwi. Jirani zake wanamega mstari wake, huyu hatua mbili, yule hatua tatu, wote wanatokea mwisho pamoja, na ukimtaja aliyesaidiwa wewe ndiye huna adabu. Ni jambo jema kabisa. Pale kiwandani walikuwa wanamega unyevu wa mtu mmoja, wanaugawa kwenye mafungu yote bila hata kuupapasa, unaingia kwenye presi.

Sikumwita mhandisi. Nilirudi nimepoa mwili mzima.

Jioni ile nilienda kwa mama mdogo. "Kamwene, mwanangu," akaniitikia akiwa jikoni, anafurahi, ameweka njegere motoni. Sufuria ikachemka, akafunua kifuniko kwa mkono mtupu. Akakishika. Akakaa nacho akiniuliza habari za kanisani, kifuniko cha bati kilichotoka motoni sasa hivi, na hakukitupa. Mimi niliona ngozi ya kidole inabadilika. Nikaruka nikampokonya, nikaungua, nikapiga kelele. Yeye akatazama vidole vyake.

"Aa, vina ganzi kidogo," akasema. "Ni baridi."

"Tangu lini?"

"We mtoto, kula."

Nikala. Sikuonja kitu. Nilikuwa nahesabu miezi: tangu lini ile milio ilianza, tangu lini alianza kuangusha vikombe. Haikuwa baridi. Vidole vilikuwa vimekufa, na kazi yake yote ilikuwa vidole. Nikisema, anatoka getini siku hiyo hiyo. Nisiposema, kuna mtu amesimama mbele ya presi. Haki ya Mungu, hakuna swali jepesi kuliko hilo kwa mtu aliyekaa pembeni. Mimi nilitazama kile kidole kikivimba nikaamua kunyamaza.

Nikaanza uongo wangu. Daftarini nikaandika ukungu. Asubuhi nikawa nafika kabla ya wenzangu, napitia mafungu ya jana na kipima, nazitoa mbichi zote, nazirudisha kuanikwa kwenye vichanja vya pembeni kama vile hazijawahi kufungwa. Alama za chaki nazifuta kwa mkono wa koti. Mbao nzima zikaongezeka. Mhandisi akafurahi, akasema unaona faida ya kukagua mlangoni? Akanisifu mbele ya meneja. Nilipokuwa nasifiwa jasho lilikuwa linanitoka kwapani katika baridi ile. Nilijua kwamba kipima kikizima siku moja, au nikiugua siku moja, au nikichelewa kuamka tu, basi.

Fundi aliniona. Alikuwa anafika mapema kupasha presi. Asubuhi moja nimeinama nafuta chaki, nikasikia makoti yake mawili yanachakacha nyuma yangu.

"Dada."

Nikaficha mkono wa koti nyuma. Nikasema nasafisha.

"Sawa. Safisha." Akasimama kidogo. Hakutania. "Sikuulizi unamfichia nani. Ila ujue, wewe ukikosea unaandika daftari upya. Mimi ndiye ninayesimama pale."

Akaenda zake kwenye mashine. Ningeweza kusema siku ile. Mdomo niliufungua hasa, nikaufunga.

Ikafika Julai, baridi ya kukata masikio. Siku hiyo kipima hakikuwaka. Betri zilikufa kwa baridi au zilikwisha, sijui, na mhandisi alikuwa amekwenda Njombe mjini na funguo za stoo. Presi ilikuwa tupu inasubiri, msimamizi ananiambia pitisha, pitisha. Nikatumia kiganja. Jamani, kiganja kilichopoa hakijui kitu baridi na kitu kibichi vinatofautiana wapi. Nilipapasa, nikapapasa tena, na katikati ya kupapasa nikajiona mimi ndiye mama mdogo, pale kichanjani, anarudia rudia.  Ningesema simamisheni. Wangeuliza kwa nini leo, wakati mwezi mzima ulikuwa safi?

Nikapitisha.

Mabamba yalipoachia sikufumba macho. Niliona mvuke mweupe ukitoka ubavuni, nikaona fundi akiinua mkono kukinga uso, ndipo mlio ukaja. Alianguka chali. Nilidhani amekufa. Nilikuwa nimesimama na vinia mkononi, siwezi hata kuiweka chini, na ninachokumbuka kufikiria, Mungu anisamehe, si yeye. Nilifikiria: sasa watajua.

Hakufa. Makoti yale mawili yalimsaidia, mvuke ulimchoma mkono kutoka kwenye kiwiko kwenda chini, na upande wa shingo. Walimpeleka hospitali kwenye gari la kubebea mbao. Alipopitishwa mbele yangu alinitazama. Nilitamani anitukane.

Meneja akatuita uani. Wanawake wamesimama mstari mmoja, upepo unapiga vitenge vyao. Akauliza mara moja tu: "Ni nani?" Hakungoja. Alikuwa tayari ana jibu lake. Akasema fundi alifungua presi kabla ya wakati, kwa hiyo kosa ni la fundi, akipona asirudi. Akafunga faili. Wanawake wakashusha pumzi, nilizisikia kabisa. Na mimi, nisidanganye, pumzi ilinishuka. Ilikuwa imekwisha. Mama mdogo amepona, mimi nimepona, na Mpangwa wa watu anarudi kwao ziwani na mkono ulioungua na jina la uzembe.

Sijui niseme ni ujasiri. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya mtoto anayesomeshwa shairi. Nikasema si fundi. Nikasema vinia mbichi zinatoka kichanja cha mama yangu mdogo, vidole vyake vimekufa ganzi hasikii unyevu, wenzake wanambebea kwa kumsaidia bila kujua zikoje, na mimi nimejua tangu mwezi uliopita nikaficha. Nilisema yote kwa mkupuo kwa sababu nilijua nikipumua katikati sitamaliza.

Mwanamke mmoja akasema, "Loo! Mama yako mwenyewe!" Akatema mate pembeni.

Niseme yaliyofuata kiwandani, yaishe. Mhandisi aliporudi aliwatetea wanawake, akakataza kumbatio lolote kuhama kichanja, na kichanja kilichojaa kengele ikilia kikawa kinaachwa kimejaa bila mtu kusemwa. Presi ikawa haikai na njaa wala haipasui. Mbao zikatoka kuliko wakati wowote niliofanya kazi pale. Fundi alirudi, mkono una kovu la rangi mbili, na ilichukua muda mrefu kabla hajanitania tena. Mimi nilishushwa nikarudishwa mwisho na kirungu changu. Wanawake wa vichanjani hawakunisalimia mpaka nilipoacha kazi.

Lakini siku ile ile, mama mdogo alitolewa getini kabla ya saa tisa. Nami niliomba ruhusa nikamfuata. Alikuwa ameshika njia ya Mahongole, mfuko begani, koti la kiwanda wamelichukua, yuko na sweta tu. Nilitembea nyuma yake kwa hatua kama kumi. Niliogopa kumfikia. Nilijua atakachosema: nilikulea, nilikulimia njegere, leo umeniuza. Nilikuwa nimeshaandaa hata mahali pa kupigia magoti.

Akasimama akanisubiri.

"Mwanangu," akasema, "mimi kusema nilishindwa. Aibu. Nilisema moyoni, yeye amesoma, yeye ni mkaguzi, ataona na atasema, nitaondoka na mambo yataisha. Kila presi ilipofunguka nilikuwa naomba Mungu. Nilikuwa nakungoja wewe."

Akavuta sweta.

"Halafu nikaona unanificha. Nikajua tutaua mtu wa watu, mimi na wewe."

 Nilimpokea mfuko, tukaendelea kutembea.